Atlasi ya ramani na atlasi ya kitambaa

Swali: Kamusi inasema atlasi ni kitambaa laini cha hariri, na shuleni atlasi ni kitabu cha ramani. Je, ni neno moja? Na Bahari ya Atlantiki inahusika vipi?

Jibu: Ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti. Atlasi ya kitambaa tumeipokea kutoka Kiarabu. Atlasi ya ramani asili yake ni Ugiriki, kwa hiyo kila moja inastahili kidahizo chake, yaani ingizo lake katika kamusi.

Atlas ni mmoja wa Watitani, kizazi cha miungu wa Kigiriki kilichomtangulia Zeu, mfalme wa miungu. Waliposhindwa vitani, Zeu alimhukumu kuibeba mbingu huko mwisho wa dunia. Zingatieni: mbingu, si dunia. Vitabu vingi vinakosea hapo kwa sababu sanamu zake humwonyesha na tufe mabegani, na mtazamaji hudhani ni dunia yetu.

Wagiriki waliuweka mwisho huo wa dunia upande wa magharibi. Ndiyo maana milima ya Afrika Kaskazini, kuanzia Moroko hadi Tunisia, inaitwa Atlas, na bahari iliyo mbele yake tayari Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliihusisha na jina hilo. Herufi n na t za Atlantiki zisiwatatize: Kigiriki kinaponyambua jina hili hutumia shina Atlant-, na Atlas ni umbo lake la kiima tu.

Jina likaingia vitabuni mwaka 1595, mchora ramani Gerardus Mercator alipokwisha kufariki na mkusanyo wake wa ramani ukachapishwa Duisburg, Ujerumani, ukiitwa Atlas. Jambo linalosahaulika ni kwamba katika dibaji Mercator alimtaja Atlas mfalme wa Mauretania (nchi ya kale ya Afrika Kaskazini), mwanafalsafa na mjuzi wa nyota, wala si yule Mtitani mwenye adhabu. Madaktari nao wameliita hivyo pingili la kwanza la shingo, kwa kuwa ndilo linalobeba fuvu.

Katika uandishi, atlasi iko ngeli ya I-ZI: atlasi hii imechakaa, atlasi hizi zimechakaa. Anzeni kwa herufi ndogo, isipokuwa mnapotaja Milima ya Atlas au mhusika mwenyewe. Na karatasi moja ya ukutani msiiite atlasi. Hiyo ni ramani. Atlasi ni mkusanyo wa ramani.