Ufagio wangu wa mtama unapukutika

SWALI: Shikamoo, mama. Nina ufagio wa mtama, hata mwezi haujafika. Kila nikifagia naacha vipande vya njiti na punje sakafuni, na ncha zote zimelala upande mmoja. Jirani anasema niuloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Niuloweke?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiku kucha? Hapana! Nimefunga fagio tangu mikono hii haijapata makunyanzi, na wengi wanaoniletea fagio zilizolegea shingo wamezilowekea ndani ya ndoo. Maji yakifika kwenye kifungo, mabua huvimba. Yakikauka husinyaa, uzi ukabaki unacheza. Hapo njiti zinachomoka moja moja.

Mtama wa fagio si ule wa unga. Suke lake lina vijitawi virefu, vyembamba, vinavyotoka karibu pamoja, na hivyo ndivyo tunavyofagilia. Mjuzi huvuna vikiwa bado kijani, punje hazijakomaa, akazipura, akaanika kivulini. Njiti zinazovunjika upesi hivyo, nashuku zilichelewa shambani au zilipigwa jua kali. Na aliyepura alikuwa na haraka zake. Zichane punje kwa kitana cha meno mapana, maana panya huzipenda.

Sasa maji: chovya ncha tu, ya vuguvugu, dakika chache, kisha kung'uta. Njiti ikipata unyevu hupinda bila kuvunjika. Chumvi sijaona kazi yake. Zikiwa bado mbichimbichi, zinyooshe kwa mkono, zifunge kitambaa, utundike ufagio mpini juu, njiti zikining'inia, mpaka zikauke. Huko kulala upande kumetokana na kuusimamisha kwa njiti zake pembeni mwa ukuta, usinikatalie. Na ukifagia, uwe unaugeuza.

Hukuniambia kama ni wa mviringo au bapa. Huu wa bapa wanasifiwa Washaker wa Marekani, watu wa dini waliopenda kazi safi. Mwishoni mwa miaka ya 1700 waliubana njiti na kuzishona kwa mistari, ukapata upana wa kufagia eneo kubwa mara moja. Kama wako ni huo, kagua mishono kabla ya kulaumu njiti. Uzi ukikatika mstari mmoja, njiti hutawanyika na kuchakaa mapema. Tafuta shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa katani, upitishe upya palepale penye matundu ya zamani, uvute kwa nguvu kila hatua.