Tuko watano, vifaa vinne

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Mbeya, nafanya kazi jikoni hotelini hapa Revelstoke, Kanada. Jumamosi wenzangu wanapanda Boulder Mountain kwa pikipiki za theluji, na wameniazimia moja. Theluji imeanguka wiki nzima. Tuko watano, ila vile vifaa vya mawimbi vya kuvaa kifuani, vya kumtafutia aliyefukiwa theluji ikiporomoka, viko vinne. Wanasema nipite walipopita wao tu, sitadhurika. Niende?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jumamosi hii usiende.

Kupita alipopita mwenzako si kinga. Theluji hulala kwa matabaka. Lililo dhaifu chini linaweza kuwabeba watatu, likakatika kwa wa nne. Miteremko inayoporomoka zaidi ni ya nyuzi 30 hadi 45, hiyohiyo wenzako wanayopenda kuipanda. Na kwa ngurumo ya injini, hutasikia theluji ikiguna chini yako kabla haijakatika.

Nimeishi miaka 17 British Columbia, jimbo hilohilo ulipo. Siku yangu ya kwanza ya mafunzo, mwalimu alifukia begi lenye kifaa kinachorusha mawimbi, kwenye theluji iliyolundikwa na greda, akaniambia nilitafute. Kioo cha kifaa changu kikasoma umbali wa mita 38, 21, 9. Nikageuka vibaya, namba zikapanda. Nilipofika 2 nikachomachoma kwa ile fimbo ndefu mpaka ikagusa kitu laini. Halafu sepetu. Theluji iliyoporomoka ikishatulia hushika kama zege, na ile ya greda ilikuwa hivyohivyo. Mita moja tu, mikono ikatetemeka. Dakika 22! Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kuishi akitolewa ndani ya dakika 10, baada ya hapo nafasi huporomoka. Lile lilikuwa begi, na bado nililia. Wewe bila kifaa, wenzako watachoma fimbo wapi? Wakifukiwa wao, utawatafuta kwa kitu gani?

Ofisi ya Avalanche Canada, shirika la tahadhari za maporomoko ya theluji, iko hapohapo mjini kwenu. Msimu wa baridi hutoa taarifa ya hatari kila siku, ngazi ya 1 hadi ya 5. Ngazi ya 3 usiione ya wastani. Wengi wamefia humo. Ulizia mafunzo ya siku mbili ya wanaoanza. Ukishapata vifaa, sepetu na fimbo vikae mgongoni mwako, maana pikipiki inaweza kufukiwa mbali nawe.

Jambo moja litakuwa gumu kwako kama lilivyokuwa kwangu. Sisi tumelelewa kumkimbilia aliyekwama. Huko mteremkoni usimfuate, pikipiki ya pili inaongeza uzito palepale. Msubiri pembeni, na usisimame chini yake. Machi 13, 2010, kwenye Boulder Mountain hiyohiyo, theluji iliwaporomokea watu waliokuwa chini wakitazama wenzao wakipanda. Wawili walifariki.

Waambie wenzako leo, mkiwa bado jikoni mnaosha masufuria. Usingoje asubuhi ya Jumamosi, pikipiki zimeshawashwa na wote wanakutazama.