Nyani, Twiga na Furu wa Mwanza: Maswali Yenu Kuhusu Mageuko ya Viumbe

Toleo lililopita niligusia mageuko ya viumbe, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, kwa aya moja tu, nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza nimechokoza nyuki. Nayajibu haya machache kati ya maswali yenu, na mengine yatasubiri zamu yake.

Kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? (Msomaji, Morogoro)

Hili ndilo lililoulizwa na wengi kuliko yote. Kwanza tumsafishe jina nyani. Nyani hasa ni yule anayekuvizia mahindi shambani, na kwetu huyo ni ndugu wa mbali. Wa karibu ni sokwe, yule wa Gombe na Mahale, na hata yeye hakutuzaa. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Hakuna anayekuuliza, "kama umetokana na binamu yako, mbona bado yupo?" Binadamu na sokwe walikuwa na mababu wa pamoja miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita, kisha ukoo ukagawanyika. Mababu hao hawakuwa sokwe wa leo wala watu wa leo. Na sokwe naye amebadilika kwa miaka yote hiyo, hakukaa mtini akitusubiri.

Shuleni tuliambiwa twiga alirefuka shingo kwa kujinyoosha kufuata majani ya juu. Ni sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma)

Hapana, ingawa hukudanganywa na mtu mdogo. Mwanasayansi Mfaransa, Lamarck, aliandika hivyo mwaka 1809, na kwa muda wake halikuwa wazo la kipuuzi. Lakini tazama ndewe za wazee wa Kimaasai. Vizazi na vizazi wametoboa masikio na kuyavuta yakaning'inia, na mpaka leo kila mtoto wao huzaliwa na ndewe kama za mtoto yeyote. Ulichoufanyia mwili wako ukubwani hakiingii kwenye mbegu ya uzazi.

Mwanasayansi Mwingereza, Charles Darwin, alikuja na hesabu nyingine mwaka 1859. Ndugu wa tumbo moja hawafanani kabisa. Baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Na si wote wanaojaliwa kuacha watoto sawa. Weka mambo hayo matatu pamoja, uyape muda, na kundi litabadilika lenyewe. Angalia vizuri nilivyosema: kundi. Twiga mmoja hufa na shingo aliyozaliwa nayo. Kinachobadilika ni hesabu ya wenye shingo ndefu kati ya wajukuu na vitukuu. (Kama shingo hiyo ilisaidia zaidi kwenye majani au kwenye mapigano ya madume, wataalamu bado wanabishana.)

Lakini si ni nadharia tu? (Msomaji, Mombasa)

Mtaani nadharia ni maneno ya kijiweni. Kwenye sayansi ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi na bado yamesimama. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na bado unanawa mikono.

Mbona hatuyaoni yakitokea? Au mpaka ipite miaka milioni? (Mwalimu, Iringa)

Tunayaona, mwalimu. Vuka mto Ruvuma uende Gorongosa, Msumbiji. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1977 hadi 1992, pande zote ziliua tembo ili kuuza pembe, na zaidi ya asilimia 90 ya tembo wa hifadhi ile walikwisha. Kabla ya vita, kati ya tembo jike 100, kama 18 hivi walikuwa hawaoti pembe. Baada ya vita walikuwa 51. Hakuna tembo aliyeng'oa pembe zake kwa hofu. Waliozaliwa bila pembe hawakuwa na cha kumvutia mwindaji, wakabaki hai, wakazaa, na mabinti wao wengi wakarithi hali hiyo. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba sifa hiyo imo kwenye kromosomu ya X (moja ya nyuzi za urithi zinazoamua jinsia), na inaelekea mtoto dume anayeirithi hafiki kuzaliwa. Ndiyo maana hukutani na dume asiye na pembe kule.

Mfano mwingine umeumeza mwenyewe, kama una umri wa kuikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria, na ule mwasho wake. Vimelea vya malaria havikukaa darasani kujifunza dawa. Vichache vilivyokuwa na kinga dhidi yake ndivyo vilivyobaki vikazaliana, hadi mwaka 2001 Tanzania ikaiacha dawa hiyo, na mwaka 2006 tukahamia dawa mseto. Sasa sikia la Malawi. Wao waliiacha klorokwini mwaka 1993. Ilipopimwa tena zaidi ya miaka 10 baadaye, ilikuwa ikitibu karibu kila mgonjwa. Dawa ilipoondoka, vimelea vyenye kinga vilipoteza faida yao na vile vya zamani vikarudi. (Hii si ruhusa ya kwenda kuitafuta dukani.)

Kama wadhaifu huondoka, mbona sikoseli bado inatutesa? (Mama wa watoto wawili, Musoma)

Pole, mama. Sikoseli ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na neno "wadhaifu" ndilo linalopoteza wengi. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949, akaona jambo la ajabu: pwani na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba chembe ya urithi ya sikoseli, lakini nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Mwaka 1954 alitoa jibu. Mtoto akiirithi kwa wazazi wote wawili, anaugua. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, haugui, na tena anakingwa dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, wabebaji waliokoka utotoni na kuirithisha. Mageuko hayana huruma wala mpango. Yaliwalinda wengi kwa gharama ya wachache, na hiyo si hukumu juu ya familia yoyote.

Nikiyakubali haya nitakuwa nimekana dini? (Msomaji, Unguja)

Hilo liko kwa shehe au padri wako, si kwenye safu hii. Najua tu kwamba mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema mageuko ni zaidi ya dhana, na kwamba wapo wanabiolojia wengi wanaoswali na kusali kama watu wengine.

Sawa, pembe zinapungua. Lakini tembo bado ni tembo. Spishi mpya inatoka wapi? (Msomaji, Mwanza)

Spishi ni aina ya kiumbe, na wewe ndiye wa kuulizwa, maana jibu linaogelea hapo kwenu. Ziwa Viktoria lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita. Likajaa tena, na ndani yake zikatokea spishi kama 500 za furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kabla sangara hajaletwa kuzitafuna. Mmoja wao anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume wake ana wekundu mgongoni. Ana ndugu yake wa karibu ambaye dume ni wa buluu. Mwekundu hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa wekundu wekundu. Wa buluu hukaa juu. Macho ya majike nayo yanatofautiana kufuatana na kina, na kila jike huchagua dume anayemwona vizuri. Wasipooana, damu hazichanganyiki, na kila upande hushika njia yake.

Kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, spishi hizo mbili hazichanganyiki. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji ni matope, jike haoni rangi sawasawa, na furu wa pale wana rangi za katikati. Ukipita mwaloni ukamkuta dume mwenye mgongo mwekundu, mtazame vizuri kabla hawajamfanya chambo cha sangara.