Ukitaka Kukagua Majukwaa ya Mafuta, Jifunze Kuheshimu Weldi Ndogo

Kijana mmoja wa Mtwara, fundi wa kuchomelea, kaniandikia: "Kaka, nifanyeje niingie kwenye ukaguzi wa majukwaa huko Ghuba?" Najibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaota kutoka karakanani mfike huko.

Vyeti vipo, vinasomewa: ultrasaundi, yaani kupima chuma kwa mawimbi ya sauti, ukaguzi wa sumaku wa kutafuta nyufa, kozi ya kujiokoa helikopta ikiangukia majini. Hayo utayapata kwa yeyote. Mimi nataka nikueleze kuhusu jicho.

Tarehe 27 Machi 1980, katika eneo la Ekofisk upande wa Norway, lilipinduka Alexander L. Kielland, jukwaa la kuelea walilokuwa wakilala wafanyakazi. Kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa. Wachunguzi waliufuata ufa hadi kwenye kishikizo cha hidrofoni, kile chombo cha kusikiliza sauti majini, kilichochomelewa kwenye bomba la mshazari D-6. Weldi yake ilikuwa ya milimita 6 tu! Ndani ya ufa wakakuta rangi, yaani ulikuwapo tangu kiwandani, kabla chuma hakijapakwa. Mawimbi yakaupanua kwa miaka, bomba likakatika, mabomba yaliyobaki yakaelemewa, mguu mzima ukang'oka.

Kisa hicho nilikuwa nacho kichwani tulipokagua jukwaa moja kuukuu lililosimamisha miguu yake kwenye sakafu ya bahari. Kamera ya roboti ilipita kwenye bomba la mshazari, karibu na kiungo, palipochomelewa kishikizo cha anodi, kile kipande cha metali kinacholiwa na kutu badala ya chuma. Kome na mwani vilikuwa vimepafunika pote. Msimamizi akasema tusonge, ratiba imebana. Nikamwambia sitii sahihi. Bomba lile limezibwa pande zote, ndani linapaswa kuwa na hewa tupu, basi tulipime kwanza. Ultrasaundi ikaonyesha maji, yaani mahali fulani palikuwa pamepasuka. Wapiga mbizi wakasafisha hadi chuma kikang'aa, wakapaka wino wa sumaku, wakamulika, na ufa ukajichora pembeni mwa weldi ya kishikizo, waziwazi.

Bomba likafungwa kibano. Ripoti ikatoka na jina la msimamizi peke yake. Miaka imepita, jambo hilo bado linaniuma, na sioni haya kulisema.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Safisheni kwanza. Chuma kilichofunikwa na kome hakijakaguliwa, hata kama roboti imepita mara kumi. Msiridhike na kipimo cha kutu pia: hasi 800 milivolti au hasi zaidi ya hapo, ukilinganisha na elektrodi ya kupimia ya fedha na kloridi ya fedha, inakuambia anodi zinakilinda chuma na kutu, lakini haikuambii lolote kuhusu ufa. Kila kilichochomelewa juu ya bomba, hata kama hakibebi mzigo wowote, kitazame kama kiungo kikuu. Narudia: safisheni kwanza.

Na ukiona kitu, andika namba ya bomba, kina cha maji, ufa unaanzia wapi na kuishia wapi kwenye mzunguko wa weldi, na picha yenye rula ndani yake. Pale usipofika, andika kwamba hukufika, kisha baki na nakala yako yenye tarehe na sahihi.