Barua kwa mwanangu: tarehe kwanza, begi baadaye

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza honi za magari zilimeza nusu ya maneno. Kama nimekuelewa, kazini wamekupa siku tisa, Februari au Septemba, uchague mwenyewe. Wewe na mwenzio mmebakiwa na sehemu tatu: Phuket ya Thailand, Morisi na Shelisheli. Na unaniuliza mbebe nini.

Umeanzia mkiani. Niambie kwanza mwezi, ndipo tuongee habari za begi.

Bahari ya Hindi ni moja na upepo wake ni mmoja, ila kila mahali unafika na sura nyingine. Kuanzia Mei hadi Septemba, hata Oktoba, kusi linavuma, upepo wa kusini mashariki. Morisi linafika likiwa kavu na la baridi kidogo. Shelisheli linachafua fukwe zote zinazotazama kusini mashariki na kuzijaza majani ya bahari. Likivuka ikweta linapinda, linakuwa upepo wa kusini magharibi, na hadi lifike Phuket limeshanyonya maji njia nzima. Huko linayamwaga. Kwa hiyo Septemba hiyohiyo ni msimu mkavu Morisi, na Phuket ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kuliko yote. Tena mvua si hoja sana, mvua hupita. Hoja ni mawimbi: fukwe za magharibi zinapandishwa bendera nyekundu, na chini ya mawimbi hayo kuna mikondo inayomvuta mtu kuelekea bahari kuu. Bendera nyekundu ikipepea huogelei, hata kama wageni wengine wamo majini wanacheka. Na ile ghuba ya Maya, karibu na Phuket, uliyonitumia picha yake hufungwa kila mwaka Agosti na Septemba ili matumbawe yapumue. Visiwa vya Similan navyo hufungwa toka katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Ungefika ukaambiwa urudi mwakani.

Februari mambo yanageuka. Phuket inakuwa kavu na bahari imelala. Morisi ndiyo inakuwa kwenye msimu wa vimbunga, ambao huanza Novemba hadi Aprili, na Januari mpaka Machi ndiyo miezi mikali. Sisemi kimbunga kitakuja kwa sababu umekuja wewe. Ila kikitangazwa, siku mbili tatu za likizo yako utazimalizia ndani ya hoteli ukitazama minazi ikiinama. Visiwa vikuu vya Shelisheli viko karibu na ikweta, nyuzi nne tano hivi, na huko vimbunga ni nadra kufika. Lakini Februari bado kuna manyunyu mengi na unyevu wa kukufanya ubadili shati mara tatu.

Basi shauri langu ni hili: Februari nendeni Phuket, Septemba nendeni Morisi, na mkienda Morisi mtafute hoteli ya upande wa magharibi au kaskazini, maana mashariki kusi linapiga usoni moja kwa moja. Shelisheli ningeiacha hadi siku watakapokupa Aprili au Oktoba, pepo zinapobadilishana zamu na bahari inatulia. Ukiing'ang'ania Septemba, basi lala upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa.

Sasa kitu ambacho hukuniuliza, nacho ndicho kilichoniharibia mimi. Kabla hujazaliwa, baba yako na mimi tulipata siku tatu za kwenda ufukweni. Usiku wa kwanza tulikaa nje tukausifu mwezi, umejaa, mweupe, mpaka kivuli cha kiti unakiona mchangani. Kesho yake saa sita mchana tukashuka na mataulo, na bahari hatukuikuta. Mchanga, majani, vidimbwi, na maji yenyewe kule mbali kama uzi. Ule mwezi tuliousifu ndio ulioyavuta. Baba yako akasema tuyafuate, basi tukayafuata pekupeku. Nilikanyaga mmoja wa wale viumbe weusi wa miiba mirefu kama sindano za kushonea. Miiba ilikatikia ndani ya kisigino, minne, nikiiona kwa chini ya ngozi kama nukta za wino. Niliishia kuloweka mguu kwenye ndoo ya maji ya moto huku wenzangu wakiogelea jioni, maji yalipojaa.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo kuna bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ndogo. Na kila siku saa za kujaa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukikuta ufuko mkavu saa sita leo, kesho ni karibu saa saba. Kabla hujalipia chumba, tafuta jedwali la maji la ufuko huohuo ulipie ukijua. Phuket kwenye fukwe tambarare maji huenda mbali. Morisi tofauti haifiki hata mita moja, kwa hiyo huko usisumbuke na mwezi, sumbuka na nyayo, maana ndani ya miamba ya matumbawe wamo hao wa miiba na pia samaki wa sumu anayejifanya jiwe.

Ndiyo maana kwenye begi kitu cha kwanza ni viatu vya majini. Cha pili, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu. Mtu akielea kifudifudi kutazama samaki, mgongo unakaa juani saa nzima na maji baridi yanamdanganya. Na usiniambie weusi wetu unatosha, nimeshachubuka mabega mimi. Ukivaa fulana, mafuta ya jua utayahitaji usoni na miguuni tu. Soma kibandiko chake: Thailand tangu 2021 imepiga marufuku kwenye hifadhi zake za bahari mafuta yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati, kwa kuwa yanadhuru matumbawe. Chukua ya zinki, hata kama yanakuacha na uso wa unga.

Dawa ya kujipaka ya mbu ni ya mchana pia, kwa sababu mbu wa dengi huuma jua likiwaka. Cheti cha homa ya manjano mtakiulizwa nchi zote tatu mkitokea nchi yenye ugonjwa huo, na chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Usiichome wiki ya safari.

Nguo, punguza. Kila ulichopanga, toa nusu. Jinzi iache, ikilowa haikauki mpaka unarudi. Kanga mbili zitakuwa taulo, shuka, pazia na mto wa ndegeni. Sweta moja jepesi weka, jioni za Septemba Morisi zina upepo na bahari yenyewe ni nyuzi 23 tu. Dawa zako, chaji ya akiba na nguo moja ya kuogelea ziwe kwenye begi la mkononi, ili begi kubwa likipotea nyie muwe majini, si dukani.

Nitumie tarehe nikuangalizie mwezi. Na viatu vya majini usinunue, vyangu viko juu ya kabati, na mguu wetu ni saizi moja.

Mama yako