Klabu ya huduma ifanye nini baada ya tetemeko: jibu kwa mwanachama wa Dodoma

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama klabu yenu changa ya huduma hapa Dodoma inunue vyakula na mablanketi ya akiba kwa ajili ya siku ardhi itakapotikisika, au itunze fedha kwa kazi ya baadaye, na umeeleza kwamba wanachama wamegawanyika. Nimekuwa mweka hazina wa klabu ya aina hiyo kwa muda mrefu, na nilikuwa miongoni mwa waliotumwa Bukoba na mchango wetu baada ya tetemeko la 2016. Msimamo wangu ni kwamba klabu isione haya kufika baadaye, ilimradi ikifika ikae. Wiki ya kwanza ina wenyewe wengi, lakini mwezi wa nne hauna mwenyewe.

Tetemeko la Kagera lilipiga alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, likiwa na ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na nyingine nyingi kuliko hizo zilibaki zimesimama lakini zikiwa na nyufa ambazo ziliwafanya wenyewe waogope kulala ndani. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Katika siku za mwanzo serikali, Msalaba Mwekundu, taasisi za dini, makampuni na watu binafsi walileta unga, maharage, mablanketi na maturubai, na haki yao tuwape, kwa sababu mvua za vuli upande ule wa ziwa huanza mapema na watu walikuwa nje. Hata hivyo, miezi michache baadaye malori yaliacha kuja, na familia nyingi zilikuwa bado chini ya maturubai yaliyokwisha kuchanika kwa jua na upepo. Mwanzoni mwa 2017 Rais Magufuli alikwenda Kagera na kueleza wazi kwamba serikali itashughulikia miundombinu ya umma, na kwamba nyumba za wananchi zitajengwa na wananchi wenyewe. Mtu anaweza kukubaliana na uamuzi huo au asikubaliane nao, lakini ulionyesha pengo liko wapi, na pengo la namna hiyo ndilo saizi ya klabu.

Kuhusu mablanketi ya akiba, nitakuwa mfupi. Kutoka Dodoma hadi Bukoba, kwa njia ya Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo, nauli ya lori inakula sehemu kubwa ya thamani ya mzigo wenyewe. Saruji, mabati na misumari vinauzwa Bukoba na Muleba, na mfanyabiashara wa huko naye ameathirika, kwa hiyo fedha inayoingia dukani kwake inaijenga jamii ile ile mnayotaka kuisaidia. Tunzeni fedha.

Fedha hiyo isitembee peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na klabu inayoingia kijijini bila kupita huko italeta orodha ya pili ya wahitaji, kisha ugomvi. Pokeeni orodha ya kamati, halafu ombeni ruhusa ya kupita nyumba kwa nyumba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Sisi tuliomba, tukapewa, na hapo ndipo tulipowaona watu ambao karatasi haikuwaona vizuri. Wa kwanza walikuwa wapangaji: nyumba iliyoanguka iliandikwa kwa jina la mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Mwanza, ilhali aliyepoteza kitanda, sufuria na mtaji wa genge ni mpangaji. Wengine walikuwa wajane wanaoishi kwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani, cha ukoo wa marehemu mume, ambao hawakuwa na uhakika kama nyumba ikijengwa upya itabaki kuwa yao. Katika suala hilo tuliwaomba wazee wa ukoo waseme mbele ya mtendaji wa kijiji, na maneno yao yaandikwe kwenye muhtasari, kabla ya kununua hata bati moja. Na msije mkapendekeza kumhamishia mtu kiwanja kipya kwa sababu tu ni rahisi kufikika kwa gari. Kibanja cha Mhaya kina migomba, kahawa na makaburi ya wazazi, na nyumba hurudi pale pale ilipokuwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona klabu nyingi hazilizungumzi. Rotary na Lions, mitandao miwili ya kimataifa ya klabu za huduma, zote huanza mwaka wao tarehe 1 Julai, na rais wa klabu hukaa mwaka mmoja. Tetemeko likitokea Septemba, rais aliyepo ana miezi tisa tu mbele yake, naye kama binadamu atataka mradi unaokamilika na kupigwa picha kabla ya Juni. Rais anayemfuata ana mradi wake, wa tatu hivyo hivyo. Kujenga upya hakufuati kalenda hiyo: tathmini, ruhusa, msimu wa mvua, kufyatua na kuchoma tofali, kujenga na kukagua vinaweza kumaliza miaka miwili au mitatu. Katika klabu yetu tulilitatua kwa azimio la mkutano mkuu lililounda kamati ndogo ya miaka mitatu, yenye akaunti yake na watia saini watatu, mmoja wao akiwa mtu asiyewania uongozi wowote. Rais mpya alipokuja na wazo la kuhamishia salio kwenye shughuli nyingine, alisomewa azimio, na mambo yakaishia hapo kwa amani. Kama mtachukua jambo moja tu katika maelezo yangu haya marefu, ningefurahi likiwa hilo.

Kuhusu kazi yenyewe, msikimbilie kujenga nyumba nzima, kwa sababu fedha ya klabu itamaliza nyumba chache na kuacha manung'uniko mtaa mzima. Nyumba nyingi tulizopitia zilikuwa za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, zisizo na mkanda wa zege juu ya madirisha. Tetemeko linapozisukuma, kuta mbili zinazokutana kwenye kona huachana, na ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa, ambao haujafungwa na kitu, hutangulia kuanguka. Tulichofanya ni kugharamia vitu ambavyo mwenye nyumba asingevipa kipaumbele akiwa na haraka ya kuingia ndani: nondo na saruji ya mkanda unaozunguka nyumba yote pasipo kukatika, na mbao na bati vya kuziba ile pembetatu badala ya tofali. Tofali, maji na nguvu kazi vilitoka kwa familia na majirani. Kabla ya hapo tulilipia mafunzo mafupi ya mafundi wa kata chini ya mhandisi wa halmashauri, na huo nauhesabu kuwa mchango wetu bora kuliko saruji yote, kwa kuwa fundi hubaki kijijini na ataendelea kujenga nyumba ambazo sisi hatutaziona. Wapo waliolalamika kwamba nondo ni gharama ya bure kwa nyumba ndogo. Fundi mmoja mzee aliwajibu kwa kuwapeleka kwenye kona iliyoachana na kuwaambia waingize mkono.

Mtauliza kuhusu fedha za nje. Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905 na Lions mwaka 1917, kwa hiyo mifuko yao ina uzoefu na masharti yake hayapindwi kirahisi. Mfuko wa Lions, LCIF, una ruzuku za dharura kwa ajili ya mahitaji ya mwanzo. Ruzuku za kimataifa za Rotary zinataka mradi wenye bajeti isiyopungua dola 30,000, klabu mbili, moja ya nchi yenye mradi na nyingine ya nje, pamoja na tathmini ya mahitaji iliyofanywa na jamii yenyewe. Mradi lazima uingie kwenye maeneo waliyoyapanga, kama maji na usafi, afya ya mama na mtoto, au elimu, na ndiyo maana vyoo vya shule na matangi ya kuvunia maji ya mvua hupata mfadhili mapema kuliko nyumba ya mtu mmoja. Lipangeni hilo tangu mwanzo: fedha za nje ziende shuleni na zahanati, michango yenu wenyewe iende kwenye kona za nyumba za watu. Klabu ya eneo lililoathirika, kama ipo, ndiyo iongoze, hata kama ninyi ndio wenye fedha nyingi zaidi.

Jambo dogo ambalo halimo kwenye orodha yoyote niliyowahi kuiona ni miwani. Wazee kadhaa walipoteza miwani kwenye kifusi, na bila miwani hawakuweza kusoma fomu waliyotakiwa kuitia dole gumba. Kipimo cha macho cha siku moja kilirekebisha mengi kwa fedha kidogo.

Kwa hapa kwetu, msingoje Kagera nyingine. Dodoma iko kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, kuna mipasuko ya miamba ardhini inayojulikana kama ya Bubu na Hombolo, na kila baada ya muda tunatikiswa. Vijijini Bahi, Chamwino na Chemba bado wapo watu wanaoishi kwenye tembe, ambazo paa lake la udongo ni zuri kwa joto la mchana lakini ni zito mno likiangukia aliyelala. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina makao yake makuu hapa hapa mjini, na ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia maafa nayo iko hapa. Andikeni barua kwa taasisi hiyo kuomba mtaalamu aje kwenye mkutano wenu aeleze mipasuko inapita kata zipi, kisha chagueni kata moja, mkae na kamati yake ya maafa na mafundi wake, na mpeleke kiasi fulani cha ile fedha ya mablanketi kwenye mafunzo ya mkanda wa zege na kufunga kona. Barua ipitie kwa katibu wenu na nakala iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nikitakiwa kuja na vitabu vya hesabu za Bukoba ili mweka hazina wenu aone tulivyopanga safu za michango ya fedha na michango ya nguvu kazi, nitakuja.