Uhasibu umenichosha, nihamie kompyuta?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko mwaka wa pili, nasoma uhasibu chuo kimoja hapa Dodoma, kozi alinichagulia mzee kwa sababu baba mdogo ni mhasibu na amejenga. Semista iliyopita nimekula sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, moja ya kodi. Ukweli napenda kompyuta, na rumu meti wangu anatengenezea watu websaiti anapata hela wakati mi nasubiria bumu la mkopo tu. Nataka niache nikaanze upya IT ila mzee akisikia sijui itakuwaje. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache kwanza, maana hapo sijaona kama umechoka uhasibu au umechoka darasa, na hivyo ni vitu viwili. Fildi si unaenda mwisho wa mwaka huu? Basi usikimbilie ofisi kubwa yenye kiyoyozi ukatumwe fotokopi wiki nane, tafuta kampuni ndogo ya wahasibu au duka la jumla hapo hapo mjini, ushike risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kwa mkono wako, uone watu wanavyohangaika PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi anayolipa mwajiri) ziende TRA kabla ya tarehe 7 na ritani ya VAT kabla ya tarehe 20. Kazi ya uhasibu utaijua ukikaa na mhasibu tarehe 6 usiku, ile ya darasani hata mimi ilinilaza.

Na huko kwenye kompyuta jipime vilevile. Mwambie huyo rumu meti akuachie mteja mmoja umalizane naye mwenyewe mwanzo mwisho, yaani yule anayebadilisha rangi mara kumi halafu hela anasema mwezi ujao. Ukimaliza na bado una hamu basi kweli unapenda.

Ila mi naona kuna sehemu hujaitazama. Wenye biashara wengi wananunua programu za mahesabu zinakaa tu, fundi kompyuta hajui VAT na mhasibu anaogopa mashine, we ukijua vyote viwili watakutafuta wenyewe. Tena ukimaliza digrii mitihani ya CPA, yaani cheti cha mhasibu kamili, ya NBAA, bodi ya wahasibu, ipo Mei na Novemba, unaweza ukafanya huku unajifunza programu.

Kama umeng'ang'ania kuhama, pita kwanza ofisi ya udahili na kwa afisa mikopo uulize, maana deni la HESLB, bodi ya mikopo, la miaka uliyokwisha soma halifutiki eti kisa umebadili kozi, siku ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara.

Mzee usimpigie simu. Anza na baba mdogo, nenda kwake kabisa umuulize kazi yake ikoje, na umuulize kiutani ile nyumba kajenga kwa mshahara au kwa kuku wa mayai, unaweza ukashangaa. Akikuelewa yeye ndo atakaa na kaka yake.

Na hizo sapu kazifanye, kama ni kuhama uhame ukiwa umeshazitoa.